Je, Wajua? Ushindi wa Mzaliwa wa Bukavu Usiohesabiwa Kongo

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo haijawahi kupata medali ya Olimpiki, hata baada ya Paris 2024. Ila kuna mzaliwa wa Bukavu aliyeingia ulingoni Rio de Janeiro mwaka 2016, akashinda pambano lake la kwanza na kusonga mbele, na ushindi huo haumo katika hesabu za Kongo. Haumo katika za Brazili pia, nchi aliyokuwa akiishi. Toleo hili ni lake, la mwenzake waliyetoroka naye, na la michezo miwili ya kuangushana ambayo wengi huichanganya: judo na mieleka ya mtindo huru.

Mji mmoja, wapiganaji wawili

Je, wajua kwamba wanajudo wote wawili wa Kongo waliokuwa katika timu ya kwanza ya wakimbizi ya Olimpiki ni wazaliwa wa Bukavu? Popole Misenga alizaliwa tarehe 25 Februari 1992. Yolande Bukasa Mabika alimtangulia kuzaliwa, mwaka 1987. Timu nzima ilikuwa na watu kumi tu, kwa hiyo mji huu peke yake ulitoa mmoja kati ya kila watano.

Mji wa mpira

Wajua kwamba hakuna aliyetarajia sifa ya Bukavu itoke kwenye judo? Mapenzi ya mji yako kwenye kandanda. Siku OC Muungano inapokutana na OC Bukavu Dawa, mazungumzo ya mitaa ya Kadutu, Ibanda na Bagira ni hayo hayo, na njia zote zinaelekea uwanja wa Concorde. Mchezo wa koti jeupe na mkanda kiunoni ulikuwa wa wachache.

Miaka sita

Je, wajua Popole alikuwa na umri gani vita vya pili vya Kongo vilipolipuka mashariki mwa nchi? Vilianza Agosti 1998. Alikuwa na miaka sita na nusu. Wakati huo Bukavu ilikuwa imeshaonja vita vya kwanza, kwani mji ulitekwa na waasi wa AFDL mwishoni mwa Oktoba 1996. Katika miaka ile ya mapigano mama yake aliuawa. Mtoto akakimbilia msituni, akakaa humo siku nane kabla ya kuokolewa na kupelekwa Kinshasa.

Helikopta

Na Yolande? Naye alitenganishwa na wazazi wake akiwa mtoto. Anachokikumbuka ni kidogo: kukimbia akiwa peke yake, kisha kuokotwa na helikopta iliyomfikisha Kinshasa. Wazazi alibaki akiwatafuta hata alipokuwa mtu mzima, na amewahi kusema kwamba kuonekana kwenye televisheni huenda kukawafanya wamtambue.

Kilomita 1,500

Wajua umbali kati ya Bukavu na Kinshasa ukipimwa angani? Ni kama kilomita 1,500, na barabara ya kueleweka inayounganisha miji hiyo miwili hakuna. Msafiri mwenye uwezo hupanda ndege. Kwa mtoto asiye na mtu, kufikishwa Kinshasa ni sawa na kuvushwa mpaka. Lugha inayomzunguka inageuka Kilingala, na kurudi nyumbani si jambo la kuamua mwenyewe.

Dawa ya upweke

Je, wajua walijifunzia wapi judo? Kwenye vituo vya watoto waliopoteza familia, huko huko Kinshasa. Hawakupelekwa na mzazi wala hawakuchaguliwa na msaka vipaji. Popole amesimulia mara nyingi kwamba judo ndiyo iliyompa utulivu na nidhamu. Mwaka 2010 akaleta matunda: medali ya shaba katika mashindano ya Afrika ya vijana chini ya miaka 20.

Judo si mieleka, ila ni ndugu

Wajua tofauti ya haraka kati ya judo na mieleka ya mtindo huru? Tazama mikono. Mwanajudo hushika nguo: mkono mmoja kwenye ukosi wa koti, mwingine kwenye kiko cha mkono wa mpinzani, halafu vita vya nani ashike vizuri zaidi huanza hata kabla mtu hajarushwa. Mwanamieleka amevaa vazi la kubana lisilo na pa kushika, hivyo hushika mwili wenyewe: kiganja nyuma ya shingo, mkono chini ya kwapa, bega kwenye paja.

Miguu marufuku

Je, wajua kwamba zamani mwanajudo aliruhusiwa kumkwapua mpinzani miguu kama mwanamieleka? Wapiganaji waliotoka kwenye mieleka walipata faida kubwa kwa mbinu hiyo. Shirikisho la kimataifa la judo likaanza kuibana mwaka 2010, na mwaka 2013 likaifunga kabisa: ukishika mguu, unaadhibiwa. Popole alikulia kwenye judo ya kanuni moja, akaingia mashindano makubwa ya dunia kwenye judo ya kanuni nyingine.

Mitindo miwili ya mieleka

Na katika mieleka yenyewe, wajua tofauti ya mtindo huru na ule wa Kigiriki na Kirumi? Katika mtindo huru, miguu ni halali: unaishika, unaifagia, unaipiga ngwara. Katika ule mwingine, chochote chini ya kiuno hakiguswi. Wanaume walianza kushindana kwa mtindo huru Olimpiki mwaka 1904 huko St. Louis, Marekani. Wanawake walisubiri karne nzima, hadi Athens 2004.

Dakika zinavyokwenda

Wajua pambano la mtindo huru lina urefu gani? Vipindi viwili vya dakika tatu tatu, na mapumziko ya sekunde 30 katikati. Ukimzidi mwenzako kwa pointi kumi, mwamuzi anamaliza kazi hapo hapo. Kwenye judo kuna njia fupi zaidi: ippon. Mrushe mpinzani kwa nguvu na kasi hadi mgongo wake utue vizuri kwenye tatami, yaani mkeka wa judo, na hata kama ni sekunde ya tano, mchezo umekwisha.

Kijapani cha kila mahali

Je, wajua kwamba mwamuzi wa judo hutumia Kijapani popote duniani? Akisema hajime, mnaanza. Akisema matte, mnasimama. Judo iliasisiwa na Jigoro Kano mjini Tokyo mwaka 1882, na maneno yake hayakutafsiriwa. Mkongo asiyejua Kireno bado anaelewa kila amri akiwa kwenye tatami ya Brazili. Taabu ya lugha humsubiri akishatoka nje ya ukumbi.

Mieleka ya Kinshasa

Wajua mieleka ambayo Wakongo wengi wameizoea ni ipi? Si ya Olimpiki. Ni ile ya maonyesho ya mitaani Kinshasa, ambapo mpiganaji huingia ulingoni kwa ngoma na vinyago, akidai kumwangusha mwenzake kwa nguvu za uganga. Edingwe ni miongoni mwa majina yake makubwa. Watazamaji hulipa kuona vitimbi pamoja na misuli.

Ukishindwa, unafungiwa

Je, wajua kwa nini Popole na Yolande waliondoka Kongo? Kwa masimulizi ya Popole, akiwa Kongo mwanajudo aliyerudi bila ushindi alifungiwa siku kadhaa, akipewa chakula kidogo tu. Kwa mtu anayepigana ili asifungiwe, kila pambano la kimataifa lilikuwa na hatari mbili: ya mpinzani aliye mbele yake, na ya safari ya kurudi.

Rio, Agosti 2013

Wajua walifikaje Brazili? Kihalali kabisa, kama wachezaji wa Kongo kwenye mashindano ya dunia ya judo yaliyoanza Rio de Janeiro mwishoni mwa Agosti 2013. Wamesimulia kwamba waliachwa hotelini bila pasipoti, bila pesa na bila chakula cha kutosha. Yolande akatangulia kutoka, akaenda mitaani kutafuta Waafrika wenzake. Popole naye akafuata. Hawakurudi Kongo.

Wiki moja baadaye

Na hili je? Siku chache tu baada ya mashindano hayo kumalizika, tarehe 8 Septemba 2013, mchezo wa mieleka nao ulikuwa ukipigania uhai wake. Mwezi Februari mwaka huo viongozi wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki walikuwa wamependekeza uondolewe kwenye michezo ya 2020. Kura iliyopigwa Buenos Aires ikaurudisha. Bila kura ile, kusingekuwa na mieleka ya mtindo huru Tokyo.

Brás de Pina

Wajua Wakongo wa Rio wanapatikana wapi? Wengi wako kaskazini mwa jiji, eneo la Brás de Pina na jirani zake, pamoja na Waangola. Huko ndiko vijana wetu walikopata pa kulala na watu wa kuongea nao. Maisha yalikuwa ya vibarua: Yolande aliwahi kufagia kiwandani. Shirika la Cáritas likawasaidia katika mambo ya hati. Mwaka 2014 serikali ya Brazili ikawatambua rasmi kuwa wakimbizi.

Haki kwa karatasi

Je, wajua kwamba Brazili ina sheria ya wakimbizi ya tangu mwaka 1997, inayompa mkimbizi kitambulisho na ruhusa ya kufanya kazi? Mchezaji anahitaji vitu hivyo kama anavyohitaji tatami. Asiye na hati hasafiri, na asiyesafiri hana maisha ya kimataifa ya kimichezo hata awe hodari namna gani.

Kocha aliyetengeneza bingwa

Wajua aliyewapokea mazoezini? Geraldo Bernardes, kocha mkongwe aliyewahi kuisimamia Brazili katika Olimpiki nne. Alifundisha kwenye Instituto Reação, taasisi iliyoasisiwa na Flávio Canto, mshindi wa shaba ya judo ya Athens 2004, ili kuwafikia watoto wa mitaa maskini. Kutoka mikononi mwa Bernardes alitoka pia Rafaela Silva, binti wa mtaa wa Cidade de Deus aliyeipa Brazili dhahabu yake ya kwanza ya Rio 2016.

Mwenza si adui

Je, wajua somo gumu zaidi walilopewa huko? Si mbinu mpya ya kurusha. Walikuja na ukali wa kupita kiasi, kila zoezi wakilifanya kama fainali, hadi wenzao wakaogopa kushikana nao. Bernardes alilazimika kuwafundisha kwamba mwenza wa mazoezi ni mtu wa kumtunza. Ukimvunja leo, kesho huna wa kufanya naye mazoezi. Walitoka kwenye utaratibu ambao kuanguka kulikuwa na adhabu, na sasa waliambiwa wakubali kuangushwa mara kadhaa kila jioni ili wajifunze.

Kumi kati ya 43

Wajua waliochujwa ni wangapi? Kamati ya Olimpiki ilitambua wanamichezo wakimbizi 43 waliofaa kufikiriwa. Tarehe 3 Juni 2016 yakatangazwa majina kumi. Wakimbiaji watano wa Sudan Kusini walitoka kambi ya Kakuma, Kenya, wakiwa wamenolewa Ngong na mwanariadha Mkenya Tegla Loroupe. Walikuwapo waogeleaji wawili wa Syria, Mwethiopia mmoja wa marathoni, na wanajudo wawili wa Bukavu. Kati ya kumi hao, wanane ni wazaliwa wa Afrika.

Kabla ya mwenyeji

Je, wajua waliingia uwanjani namna gani? Tarehe 5 Agosti 2016, uwanja wa Maracanã, walipita karibu na mwisho kabisa, mbele tu ya wenyeji Brazili. Bendera ya Olimpiki ilishikwa na Rose Nathike Lokonyen, mkimbiaji wa mita 800 kutoka Kakuma. Wimbo wao ulikuwa wa Olimpiki. Siku ya kufunga michezo bendera hiyo akakabidhiwa Popole.

Dakika moja ya Yolande

Wajua Yolande alipigana na nani? Linda Bolder wa Israeli, uzito wa kilo 70, tarehe 10 Agosti. Pambano lilimalizika kwa takriban dakika moja, na Yolande akawa ameshindwa. Ndiyo judo hiyo: unaweza kusubiri miaka mitatu na kushiriki kwa sekunde sitini. Hata hivyo ukumbi ulimshangilia.

Pambano lenyewe

Na siku hiyo hiyo, ukumbi wa Carioca Arena 2, akaingia Popole, kilo 90. Mpinzani wake alikuwa Avtar Singh wa India, mwanajudo pekee wa nchi hiyo katika michezo ile. Hakukuwa na ippon ya kupendeza. Ilikuwa kuvutana makoti, kubanana, kusukumana hadi kingo za tatami, na mwisho tofauti ndogo ya alama ikatosha. Popole akatangazwa mshindi huku Wabrazili jukwaani wakimpigia kelele kama mtoto wao. Ukumbi huo huo ndio uliotumika baadaye kwa mieleka, ya mtindo huru na ya Kigiriki na Kirumi.

Halafu bingwa wa dunia

Je, wajua aliyemsubiri raundi iliyofuata? Gwak Dong-han wa Korea Kusini, bingwa wa dunia wa mwaka 2015 na namba moja wa uzito ule. Mkimbizi ambaye miaka mitatu nyuma hakuwa na pa kulala alidumu naye sehemu kubwa ya pambano la dakika tano kabla ya kushindwa. Gwak mwenyewe aliondoka Rio na shaba.

Wa kwanza, ila kwa maelezo

Wajua kwamba hapa watu hukosea? Husemwa Popole ndiye mkimbizi wa kwanza kushinda Olimpiki. Siku nne kabla yake, Yusra Mardini wa Syria alikuwa ameongoza kundi lake la mchujo katika kuogelea mita 100 mtindo wa kipepeo, lakini muda wake haukutosha kumvusha. Popole ndiye wa kwanza wa timu ya wakimbizi kushinda na kusonga raundi ya pili. Sifa hiyo haina mshindani.

Ziwa moja, bendera mbili

Je, wajua kwamba Kongo yenyewe ilipeleka wanamichezo wanne tu Rio 2016? Mmoja wao ni Makorobondo Salukombo, mkimbiaji wa marathoni wa Kirotshe, kijiji cha ufukweni mwa Ziwa Kivu, ziwa lile lile la Bukavu, upande wa kaskazini. Naye alikimbia vita akiwa mtoto na kukulia Cleveland, Marekani, lakini alirudi kuvaa rangi za Kongo. Watu wa ziwa moja, waliotimuliwa na vita, wakashiriki michezo ile ile chini ya bendera tofauti.

Budokan

Wajua kwamba Popole alirudi Olimpiki? Tokyo, tarehe 28 Julai 2021, baada ya michezo kuahirishwa mwaka mzima kwa sababu ya korona. Ukumbi ulikuwa Nippon Budokan, uliojengwa kwa ajili ya judo ya Olimpiki ya 1964. Mara hii alikutana raundi ya kwanza na Krisztián Tóth wa Hungaria, akashindwa. Tóth aliendelea hadi kwenye shaba. Timu ya wakimbizi safari hiyo ilikuwa na wanamichezo 29, na wanajudo walikuwa sita.

Wanamieleka wakimbizi

Na mieleka? Mwanamieleka wa kwanza wa timu ya wakimbizi alikuwa Aker Al Obaidi, Mwiraki anayeishi Austria, aliyeshindana Tokyo kwa mtindo wa Kigiriki na Kirumi. Mtindo huru ulipata mtu wake Paris 2024: Iman Mahdavi, mzaliwa wa Iran anayeishi Italia, uzito wa kilo 74.

Afrika na mtindo huru

Je, wajua nchi ya kwanza ya Afrika iliyo kusini mwa Sahara kupata medali ya mieleka ya Olimpiki? Ni Nijeria. Blessing Oborududu alitwaa fedha ya mtindo huru, kilo 68, huko Tokyo. Afrika Mashariki na Kongo bado hazijafika hapo, ijapokuwa kuangushana ni mchezo wa kale wa eneo hili: Waganda wana ekigwo chao tangu enzi.

Medali ikaja

Wajua timu ya wakimbizi ilisubiri medali kwa muda gani? Miaka minane. Mwaka 2024 Cindy Ngamba, bondia mzaliwa wa Kamerun anayeishi Uingereza, akaipa shaba yake ya kwanza. Paris walikuwapo wakimbizi 37. Kutoka kumi hadi 37 ndani ya Olimpiki tatu ni hesabu inayoweza kufurahisha wapenzi wa michezo na kuhuzunisha wengine wote, maana kila jina lina vita vyake nyuma.

Bado

Je, wajua kwamba Februari 2025 Bukavu iliingia tena mikononi mwa waasi, safari hii wa M23? Wako watoto leo wenye umri aliokuwa nao Popole mwaka 1998.

Ukitaka kumtafuta

La mwisho, kwa wapenda kumbukumbu. Wajua utampata Popole kwa herufi zipi katika matokeo rasmi? Ukitafuta COD, alama ya Kongo, hutamwona. Wala hayupo kwenye BRA. Rio ameandikwa ROT, timu ya wakimbizi. Tokyo ni EOR, timu ile ile kwa kifupi cha Kifaransa. Mapambano matatu ya Olimpiki ya mchezaji mmoja mmoja: ushindi mmoja, kushindwa mara mbili, na mara zote mbili mbele ya watu walioondoka na medali. Neno Bukavu linajitokeza sehemu moja tu ya wasifu wake, palipoandikwa mahali pa kuzaliwa. Hapo hakuna herufi za nchi zinazoweza kulifuta.